Mboni na Mzungu wa Nne

Mwaka wa hamsini na nne, pale Bondeni mjini Nakuru, alikuwepo mshona kofia mmoja aliyeitwa Mboni binti Shee, na mama huyu alikuwa hawezi kumwona mtu akichanga karata vibaya akanyamaza. Nawaambia mapema, ndugu zangu mlioketi nami hapa, msije mkaanza kumwonea huruma. Hakuwa mtu wa kuonewa huruma. Alikuwa mjane, hakuwa na mtoto, chumba chake cha mabati kilikuwa cha kupanga, lakini dharau yake ilikuwa mali yake mwenyewe na aliitunza vizuri.

Wa kwanza kudharauliwa katika habari hii ni Nyongesa. Huyu alikuwa akihudumu mezani katika hoteli moja ya wakubwa, na huko alimwona mgeni fulani akicheza mazingaombwe ya karata. Basi kila Jumapili alasiri alisimama mbele ya duka la chai na shati lake jeupe la kazini, watu wakamzunguka. Anampa mtu achague karata, airudishe, yeye anachanga mara mbili tatu, kisha anaikunja sura kama anayeumwa na jino na kuitaja. Watu wanapiga makofi. Wengine waliapa ana majini.

Mboni alipita hapo siku moja akipeleka kofia kwa mteja. Akasimama, akatazama, akacheka kwa pua.

"Rudia," akamwambia.

"Mama, hii kitu hairudiwi. Inakula nguvu."

"Nguvu gani? Umechungulia ya chini ukaibandika juu ya ile aliyoirudisha. Hata yule kuku pale amekuona."

Watu wakaangua kicheko, na Nyongesa akapata moto masikioni. "Wewe mama rudi kwa kofia yako! Hii ni kazi ya mikono ya mwanaume."

Mboni aliitazama ile mikono ya mwanaume kama anavyotazama samaki wa juzi. Akaenda dukani kwa Mhindi, akanunua paketi ya karata, akarudi chumbani na kufunga mlango.

Sasa, msidhani alitaka kuwa mcheza mazingaombwe. Alitaka tu kuifanya sawasawa, apate haki kamili ya kumdharau. Lakini kazi ya mikono ina tabia ya kukuvuta ndani. Mboni alikuwa ameshona kofia za viua tangu utoto, tundu kwa tundu, na vidole vyake vilijua kupima kitu chembamba bila msaada wa macho. Alijua pia karata zenyewe, kwa sababu shangazi yake wa Mombasa alimfundisha turufu akiwa mdogo. Kitu alichokuwa hakijui ni uongo.

Alianza na uongo mdogo, wa kuchanga huku karata ya chini haiondoki chini. Vidole vya mkono wa kushoto vinaizuia, zilizo juu yake zinavutwa, na mtazamaji anaona fungu zima likitembea. Wiki mbili zikaishia hapo, karata zikimwagika juu ya mkeka kama punje za mahindi. Alipoona zinanata kwa jasho alizipaka poda kidogo, zikaanza kuteleza. Kisha akageukia ya juu. Kisha akaingia kwenye uongo mkubwa, ule aliougundua mwenyewe mbele ya kioo cha kunyolea cha marehemu mumewe.

Nitawaeleza, maana mmenisikiliza vizuri. Karata imechaguliwa, imelazwa juu ya nusu ya chini. Mboni anashika nusu ya juu, anaanza kuimwaga juu yake moja moja. Ile ya kwanza kabisa inayoifunika anairudisha nyuma kidogo, upande wa tumbo lake, upana wa uzi tu. Nyingine zote anazimwaga ovyo juu ya hiyo. Ukitazama mbele huoni chochote. Lakini kidole gumba kikipita nyuma kinaugusa ule upana wa uzi, na hapo ndipo anapogawa: zilizo juu, pamoja na hiyo iliyorudi nyuma, anazichanga upya mpaka ziishe, kisha fungu la chini analitupa juu ya zote. Iliyozikwa katikati sasa iko juu kabisa, na amechanga mara mbili mbele ya macho yako.

Ilimchukua miezi kumi na moja. Kofia zilichelewa. Wateja walilalamika, naye akawaambia waende wakanunue za kiwandani, zinawafaa zaidi vichwa vyao.

Ilibaki maneno. Mboni alikuwa amemchunguza Nyongesa na kuona ujinga wake wa pili: alipokuwa anaiba, alinyamaza, na mtu akinyamaza ghafla kila jicho linakwenda mikononi. Kwa hiyo Mboni alitunga maneno ya kusema bila kukata pumzi, akawa anayafanyia mazoezi kwa sauti kila baada ya chakula cha mchana, ameegemea ukuta wa mabati unaopakana na kichochoro cha sokoni.

Na hapa ndipo pana jambo. Kwa shangazi yake wa Mombasa, zile karata zenye sura za watu ziliitwa wazungu. Malkia ni mzungu wa pili, jeki ni wa tatu, na mfalme ni mzungu wa nne. Mboni hakuwahi kuzijua kwa jina jingine.

Mwaka ule ulikuwa wa hali ya hatari, kama mnavyokumbuka. Watu walikuwa wakichukuliwa kwa neno moja tu la kiapo, na wengine hawakurudi Nakuru tena. Siku hiyo askari Kosgei, kijana wa doria mwenye buti kubwa kuliko miguu yake, alikuwa akipita kichochoroni, akasikia sauti ya mwanamke ndani ya mabati:

"Kata! Usiogope, kata kabisa! Haya, mzungu wa nne namzika hapa katikati. Wenzake nawamwaga juu yake. Nani anaapa kwamba yuko chini? Apa basi!"

Kosgei aliganda. Akatega sikio. Sauti ikarudia tena, neno kwa neno, na kicheko kidogo mwishoni. Akausukuma mlango.

"Simama! Mikono juu!"

Mboni aliinua mikono na karata zake hamsini na mbili. "Wewe kijana, huna hodi?"

"Nani mwingine iko hapa? Wewe naapisha nani?"

"Naapisha ukuta. Vua viatu, huo ni mkeka."

Kituoni alikuwepo Sajini Owino, mtu mzima, mnene, aliyekuwa akinywa chai. Kosgei alikuwa ameshaandika yote katika kitabu kikubwa cha ripoti kabla chai haijapoa. Sajini akasoma polepole.

"Mama, hapa inasema umezika mzungu wa nne."

"Ndiyo, afande."

Kikombe kilishuka mezani. "Na wale watatu wako wapi?"

"Hakuna watatu. Ni karata, afande. Mzungu wa nne ni jina la karata. Wazungu wote wamo humo paketini, kumi na wawili."

"Kumi na mbili!" Kosgei alitafuta kalamu.

Mboni alimtazama kijana huyo na, kwa mara ya kwanza, dharau yake ikaingia baridi kidogo. Aliona kwamba ujinga ukipewa kalamu hauchekeshi tena. Kesho asubuhi wakubwa wangekuja kukisoma kile kitabu, nao hawangeuliza habari za shangazi yake. Wangempakia lorini.

Sajini Owino hakuwa mtu mbaya. Akamkumbuka bingwa wa karata anayejulikana mjini, akatuma aitwe. Nyongesa akaja na shati lake jeupe, akamwona Mboni ameketi kwenye benchi, akatabasamu.

"Wewe ni mtu ya karata," Sajini akamwambia. "Katika karata, iko mzungu?"

"Hapana, afande." Nyongesa alitanua kifua. "Iko kingi, iko kwini, iko jeki. Mzungu hakuna. Mimi nafanya hii kazi miaka mitatu."

Mboni alimtazama sana usoni akitafuta fitina, apate angalau kumheshimu kama adui. Hakuiona. Mtu huyu alikuwa hajui kweli. Miaka mitatu anajiita bingwa na hajawahi kuuliza jina.

"Afande," akasema, "mtu hawezi kubuni mazoezi ya mwaka mzima akiwa njiani kuja kituoni. Nipe karata zangu. Kijana huyu asome alichoandika, nami nifanye. Kama mikono yangu haifuati maneno yake, nifunge."

Sajini alifikiri. "Ukishindwa, unalala hapa, na kesho unaeleza wakubwa."

Wakamzunguka: Sajini mbele, Kosgei kulia na kitabu, na Nyongesa nyuma ya bega la kushoto, mahali pabaya kuliko pote, maana huko ndiko ule upana wa uzi unakoonekana. Vidole vya Mboni vilikuwa vimelowa jasho, na hapo hapakuwa na poda. Akavifuta kwenye buibui, akavuta viwiko karibu na mbavu. Akamtolea Sajini mfalme wa shupaza, aina moja ya karata nyeusi.

"Soma," akamwambia Kosgei.

"'Kata. Usiogope, kata kabisa.'"

Sajini akakata kwa ncha za vidole, kama anayefunua sufuria ya moto.

"Mzungu wa nne namzika hapa katikati," Mboni akasema mwenyewe, akiilaza karata. "Wenzake nawamwaga juu yake."

"Hio! Hio ndio alisema!" Kosgei akapaza sauti.

Karata ziliteremka. Ya kwanza ikarudi nyuma upana wa uzi, tena kwa shida, maana ilinata. Mboni akamgeukia Nyongesa papo hapo, akamkazia macho: "Nani anaapa kwamba yuko chini?"

Nyongesa, kama mtu yeyote anayeulizwa ghafla, akamtazama usoni badala ya mikononi. "Iko chini," akasema. "Hata mimi naapa."

"Apa basi!" Kosgei akasoma, kidole kikiwa kwenye mstari.

Gumba likagusa. Zilizo juu zikamwagika, fungu la chini likapanda. Mboni akaweka karata zote mezani, mbele ya kikombe cha chai.

"Funua ya juu, afande."

Mfalme wa shupaza akamtazama Sajini Owino. Kisha Sajini akacheka, tumbo likaigonga meza, akataka irudiwe, na ikarudiwa, na ya tatu pia. Kila mara Kosgei alisoma, na kila mara maneno yaliingia kwenye mikono kama kifungo kwenye tundu lake.

"Amechungulia," Nyongesa akanung'unika.

"Wewe nyamaza," Sajini akamwambia. "Hata jina ya karata hujui."

Mboni akaambiwa aende nyumbani. Lakini ripoti ilikuwa imeandikwa kwa wino, na kitabu cha serikali hakichanwi karatasi. Lazima ioneshwe kwamba mzungu wa nne aliyetajwa amepatikana. Kwa hiyo mfalme wa shupaza angebaki kituoni kama kielelezo.

"Zikipungua moja hazina kazi," Mboni akasema.

"Utanunua ingine, mama. Afadhali yeye kuliko wewe."

Kosgei akatoa kikaratasi na kamba, akaketi vizuri na kulowesha ncha ya kalamu kwa ulimi.

"Jina ya yeye?"

"Mzungu," Mboni akasema.

"Jina ya baba?"

"Wa Nne."

"Kabila?"

Mboni alimtazama Sajini, na Sajini akatazama dirishani, mabega yakimtikisika.

"Shupaza," Mboni akasema.

Kosgei aliandika. Alipofika katikati ya neno aliinua kichwa, akauliza kama linaandikwa kwa herufi kubwa. Mboni akamwambia ndiyo, kubwa kabisa, akachukua wazungu wake kumi na mmoja na kutoka.