Mlango wa Nyuma Sikuufunga

Leo nimefukuzwa kazi hata kabla sijatoa bisibisi mkobani.

Mzee mmoja mwenye duka la jumla hapa Malindi aliniita nitie kufuli mlango wa nyuma, kwa nje. Wezi wanapitia huko, asema. Ufunguo atakaa nao yeye kutwa.

Nikachungulia stoo. Kina mama wanapima mchele, na mlango wao ni huo huo tu.

"Mzee, moto ukizuka hawa watatokea wapi? Nikutilie kitasa cha kusukuma. Nje hakifunguki bila ufunguo, ndani chafunguka."

"Umeitwa kufunga, hukuitwa kuuliza."

"Basi sifungi."

Akaniambia niende zangu, mafundi wanaume wamejaa mjini. (Bado tuko hapo, jamani?)

Nikabeba mkoba.

Ndipo Kadzo, mmoja wa wale wapima mchele, akasema taratibu, "Huyo fundi mwingine akija, atatukuta nje."

Wakatoka wote.

Duka limejaa wateja, mchele hakuna wa kuupima. Mzee akaniuliza, "Hicho kitasa chako unacho hapo?"

Nilikuwa nacho.

Na wewe unayesoma hapa ukiwa kazini, inuka ukaujaribu mlango wenu wa nyuma. Niambie kama umefunguka.