Shahidi wa Tatu

Nimewahi kuanguka na baiskeli mbele ya wanafunzi wangu, nimewahi kumwamkia kijana shikamoo nikidhani ni baba yake, na hayo yote nayasimulia nikicheka mwenyewe. Lakini aibu ya Tongoni nimeificha miaka mingi, na wenzangu wakiniuliza ilikuwaje mtoto wa kijiji kile, katika miaka ile ya hamsini, akaenda Amerika kusomea shahada ya pili ya mawasiliano, huwajibu kwa mkato kwamba niliomba, nikapata. Uongo. (Wala si uongo wangu wa kwanza katika jambo hili, kama mtakavyoona.)

Wakati huo nilikuwa mwalimu mjini Tanga, nimerudi na shahada yangu ya kwanza kutoka Kampala, na siku zile mtu mwenye shahada alitembea kifua mbele hata kama suruali ilikuwa na kiraka nyuma. Kila Jumamosi nilipanda baiskeli kwenda Tongoni kwa mama, mkobani nina barua za kijiji kizima, kwa kuwa zote zilipitia sanduku la posta la shule yetu. Baada ya sala ya alasiri watu walikusanyika barazani kwa mama, wakakaa mkekani, nami nikawasomea. Kwetu barua haikuwa siri ya mtu mmoja. Ilisomwa mbele ya watu, wakacheka wote au wakalia wote, na msomaji alikuwa na sharti moja tu: asiongeze, asipunguze.

Aliyelisimamia sharti hilo ni jirani yetu Bi Mize, bibi mfupi, mkali, asiyejua herufi hata moja lakini anayezijua barua kuliko karani wa posta. "Hapo umeruka, mwanangu," angesema. "Rudi nyuma." Na kweli nilikuwa nimeruka. Tangu nikiwa mwanafunzi nilimsomea barua za mwanawe aliyekuwa Pemba kwenye karafuu, mpaka ile ya mwisho, iliyoandikwa kwa mkono wa mtu mwingine. Hiyo nayo niliisoma.

Basi nikaomba nafasi katika chuo kimoja cha Amerika, niende kusoma jinsi magazeti na redio zinavyofikisha habari kwa watu. Chuo kilitaka watu watatu wanishuhudie kwa barua. Wa kwanza alikuwa mkuu wa shule yetu, Mwingereza mmoja mrefu, mpole. Wa pili mwalimu wangu wa Kampala. Na wa tatu, kwa kupenda makuu, nikamchagua mhariri wa gazeti moja la Dar es Salaam ambaye hatukuwahi kuonana (alikuwa amechapisha makala zangu mbili, baada ya kukata mahali nilipopaona patamu).

Jumamosi moja nikabeba furushi la barua bila kulipekua. Nikasoma tatu barazani, na ya nne ikatoka na stempu yenye ndege.

"Hiyo ya nani?" akauliza Bi Mize.

"Ya kwangu," nikasema, nikaanza kuitia mfukoni. "Nitaisoma baadaye."

"Ala!" akasema Mjomba Kombo, kaka yake mama, mtu wa sauti kubwa hata akinong'ona. "Sisi umetusomea mpaka habari za majipu yetu, ya kwako uende kuisoma chini ya kitanda? Soma, bwana!"

Nikaifungua. Chuo kilisema kimepokea barua mbili za mashahidi, ya tatu haijafika, kinasikitika kwamba hakiwezi kulifikiria ombi langu mpaka apatikane shahidi wa tatu, mtu aliyeniona kwa macho yake nikiwafikishia watu habari, na barua yake isipofika katika miezi miwili, faili langu litafungwa. Ndiyo hayo tu. Hawakunikataa. Lakini mbele yangu walikaa watu arobaini walioamini kwamba mimi ndiye akili ya kijiji, sasa niwaambie kwamba nimekosa watu watatu duniani wa kunisema vizuri? Mama alinitazama, mikono ameikumbatia kifuani. Nikaikunja barua.

"Wamenikubali," nikasema.

Neno moja. Mama akapiga kigelegele, akajibiwa na nyumba ya pili, ikajibu ya tatu, na kabla sijavaa viatu habari ilikuwa imefika kisimani na kurudi na maji.

Nilijipa moyo kwamba Jumatatu nitamwandikia tena mhariri, atajibu upesi, na uongo utageuka kweli bila mtu kujua. Nikamwandikia. Nikamwandikia tena. Huku nyuma Mjomba Kombo alinitangaza msikitini, jamaa zetu wa Muheza wakaleta matenga matatu ya machungwa nile njiani, shangazi akanishonea koti la baridi kwa blanketi zito la kijivu, na Bi Mize akanisukia mkeka wa kusalia huko ugenini. Kila nilipofungua kinywa niseme kweli, mtu alinitia kipande cha halua. Mwisho ikapangwa dua ya safari, wakachinjwa mbuzi wawili, na Mjomba Kombo, bila kuniuliza, akaendesha baiskeli mpaka Raskazone, kule mjini Tanga, kumwalika mkuu wangu wa shule.

Akaja. Akaacha gari lake dogo karibu na magofu ya msikiti wa kale wa kijiji chetu, akavua viatu, akakaa mkekani nasi, magoti yakamfika masikioni, akala pilau kwa mkono na kulisifu. Mimi nilikuwa kando yake ndani ya koti la blanketi, mchana wa jua kali, kwa sababu shangazi alitaka watu walione.

Baada ya kunawa, mama akatoka ndani na sinia. Juu yake kulikuwa na chetezo kinachofuka udi, mrashi wa marashi, na katikati ile barua, ambayo aliikuta mfukoni mwangu alipokuwa akifua.

"Bwana Mkubwa," akasema, "twakuomba utusomee kama ilivyoandikwa, tuisikie kwa lugha yake."

Mkuu akavaa miwani kwa furaha na kuanza kusoma kwa Kiingereza. Sentensi ya kwanza, vigelegele. Alipofika pale wanaposikitika, vigelegele vikazidi. Alipofika pale pa faili kufungwa, Mjomba Kombo aliruka juu na kumnyunyizia marashi mpaka miwani ikaloa. Mkuu akaipangusa taratibu, akanitazama, akatazama mifupa ya mbuzi, akamalizia mstari wa mwisho kwa sauti ndogo.

Bi Mize peke yake hakupiga kigelegele. Akainua mkono, watu wakanyamaza.

"Mwanangu," akaniambia, "siku ile barua hii ilikuwa neno moja. Leo imekuwa ndefu hivi. Imezaa?" Watu wakacheka. Akamgeukia mkuu. "Na wewe, bwana, habari njema kwenu husomwa kwa uso wa matanga?"

Mkuu akanipa barua. "Mwalimu," akasema kwa Kiswahili chake cha kitabuni, "barua hii ni mali yako. Yafaa uisome wewe mwenyewe."

Nikasimama na koti langu, jasho likinichuruzika mpaka kwenye visigino, nikaisoma yote kwa Kiswahili, sikuongeza, sikupunguza. Nikamaliza. Mama alikuwa amejifunika uso kwa kanga.

"Na mbuzi wale, je?" akauliza Mjomba Kombo, na huo ulikuwa mnong'ono wake.

"Nyamaza, Kombo," akasema Bi Mize. "Wewe, rudia hapo pa shahidi."

Nikarudia.

"Wataka mtu aliyekuona ukiwapa watu habari?"

"Ndiyo, bibi."

"Wangapi?"

"Mmoja."

Akaugeuza uso polepole kuutazama ua wetu wote, watu walivyojaa hadi mlangoni. "Subhanallah! Mmoja! Nawe umeliacha hili jeshi lote hapa, wamwandikia mtu wa Dar es Salaam asiyekujua sura! Lete kalamu."

Nikakimbilia kalamu. Mkuu akanizuia, akaeleza kwamba shahidi hasemi mbele ya anayeshuhudiwa, barua yake hufungwa, mwombaji haioni. Yeye mwenyewe angeiandika kwa Kiingereza.

"Umesikia?" akasema Bi Mize. "Ondoka."

Nikaenda kukaa magofuni na koti langu. Kwa mara ya kwanza barua ilikuwa barazani kwa mama nami siisikii. Kwa mbali nilisikia kicheko kimoja kikubwa, kisha maneno ya chini, kisha kimya kirefu sana. Bi Mize alipopita akirudi kwake, dole gumba lake lilikuwa jeusi kwa wino.

"Umesema nini, bibi?"

"Kweli."

"Kweli ipi?"

"Yote," akasema, akaenda zake.

Jibu lilipokuja sikulifungua. Lilikaa mkobani kutoka Tanga mpaka Tongoni, nami njiani nilisimama mara tatu kulipapasa. Zuhura, mjukuu wake Bi Mize, aliyekuwa akisomea ualimu, alikuwa nyumbani likizo. Nikampa bahasha mbele ya watu, nikakaa mkekani kama wengine. Bi Mize akanishika mkono kama mtu anayesubiri kung'olewa jino.

Zuhura akasoma kwa Kiswahili kwamba nimekubaliwa. Hakuna aliyepiga kigelegele. Wote walimtazama Bi Mize.

"Endelea mpaka mwisho," akasema.

Mwishoni wale wakubwa wa chuo walieleza kwamba barua ya shahidi wa tatu ndiyo iliyowafanya waamue, wakayanakili maneno yake. Zuhura akayasoma taratibu: "Amenisomea barua za mwanangu miaka mingi. Ile ya kifo chake aliisoma kama ilivyo, akilia, na hakuruka neno. Uongo nimemkamata nao mara moja tu, na barua ilikuwa ya kwake."

Bi Mize akaniachia mkono. "Hapo hakuna kilichorukwa," akasema, na ndipo mama akaanza, na safari hii nami nilipiga kigelegele, mwanamume mzima mwenye shahada.

Shahada ya pili ipo, imo kabatini. Ukutani nimetundika ule mkeka wa Bi Mize. Na tangu siku ile sijajisomea barua inayonihusu: nampa mke wangu, nakaa chini, nasikiliza, na akiharakisha mahali namwambia arudi nyuma.