Feni Iliyopumulia Chumba cha Mkwe

Wenzake gereji walimwita Taratibu, kwa sababu hakuwahi kuikimbiza rejeta hata mwenye gari angemsimamia kichwani akichezesha funguo. "Ukiilehemu kwa pupa," alisema, "itakulilia njiani." Kwa miaka mingi aliinamia meza ileile ya chuma mwisho wa banda, akiyeyusha madini ya risasi kwa moto wa gesi na kuziba nyufa za shaba zilizokwisha kuoshwa kwa asidi. Kila alipogusisha moto, moshi mweupe uliinuka, ukampitia kidevuni, puani, machoni, ndipo ukaenda zake darini. Jioni alirudi nyumbani amechoka mpaka kope, na chakula chochote alichowekewa kilikuwa na ladha ya msumari.

Nyumbani hapakuwa mbali. Alipanga vyumba viwili nyuma ya gereji, ng'ambo ya kichochoro chembamba ambacho watu wawili wakikutana, mmoja lazima ajibanze ukutani. "Angalau utakuja kula mchana," mkewe alimwambia siku waliyohamia. Alikuja kula, na kikohozi kikaja naye.

Tajiri wao, mwenye gereji, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kesho. Moshi? Tutauangalia kesho. Ikawa hivyo mpaka Spana, fundi wa meza ya pili, alipopata kizunguzungu mbele ya wateja na kuchukuliwa mzegamzega kama gunia. Wiki ile ile akaletwa fundi wa feni.

Fundi wa feni alitundika kofia kubwa ya bati juu ya meza, akaiunga kwa bomba hadi kwenye feni iliyochomekwa ukuta wa nyuma. Taratibu akawasha moto kujaribu. Moshi ukapanda kwenda kofiani, lakini kwa njia ileile: kidevu, pua, macho.

"Fundi," Taratibu akasema, "moshi umeujengea ghorofa, na ngazi yake ni mimi."

Yule akacheka, akaomba mshumaa. Akauwasha, akasimama hatua chache nyuma, akaupuliza, ukazimika. Akauwasha tena. "Haya, sasa uzime kwa kuvuta pumzi."

Taratibu akavuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Mwali haukutikisika.

"Umeona? Kupuliza kunafika mbali. Kuvuta hakuvuki pua yake. Mdomo wa bomba lazima ukaribie kazi."

Kesho yake akaleta bomba la kujikunja lenye mdomo mpana, akaliweka ubavuni mwa rejeta, karibu kiasi cha kiganja. Safari hii moshi ulikata kona kabla haujafika kidevuni, ukashika njia ya bomba na kupotea. Wote wakasimama kutazama, kama watu wanaotazama maji ya bomba yaliyorudi baada ya mgao.

Taratibu akaanza kusikia ladha ya chumvi. Usiku alilala chali, jambo alilokuwa amelisahau. Mkewe akajifungua salama, na mama mkwe akaja kumuuguza mwanawe na kumbeba mjukuu. Wakampa chumba cha nyuma, chenye dirisha linalotazama kichochoro.

Mama mkwe alikuwa mwanamke wa adabu nzito. Kwa mkwewe alipitisha maneno kupitia mwanawe, hata wakiwa wote watatu mezani.

"Mwambie mwenzio," alisema siku moja, macho kwenye sahani, "nguo za mtoto nikizianua zina vumbi la kijivu."

"Baba watoto, umesikia?" mkewe akauliza.

"Nimesikia."

"Na umwambie, tangu nije nina ladha mdomoni. Kama nimelamba msumari."

Taratibu akaacha kutafuna. Ladha ile aliijua kuliko jina la babu yake. Akatoka nje akiwa bado ana tonge shavuni, akasimama kichochoroni. Feni ilikuwa ikinguruma ukutani, mdomo wake umeelekea sawasawa kwenye dirisha la mkwe, na ule moshi aliodhani umekwenda haukuwa umekwenda popote. Ulikuwa umemtangulia nyumbani.

Asubuhi akamwendea tajiri.

"Si wewe uliyelia moshi utoke?" tajiri akauliza. "Umetoka."

"Umetoka kwako, tajiri. Kwangu umeingia."

"Sasa nifanye nini, niufungie kabatini? Tutaangalia."

Mkewe akaziba dirisha kwa ubao, na chumba kikawa tanuri. Mtoto akalia mchana kutwa. Hapo Taratibu akaanza kuizima feni. Alisubiri Spana atoke kununua vifaa, akabonyeza swichi, akaendelea kulehemu huku ameubana mdomo. Spana akirudi, anaiwasha. Siku ya tatu au ya nne Spana akamkuta kwenye swichi, akamaka.

"Mkwe wako ni mmoja, sisi humu tuko wangapi? Unataka nianguke tena?"

"Mle ndani kuna kichanga, ndugu yangu."

"Na mimi nyumbani sina vichanga?"

Taratibu akarudi mezani kwake. Alikuwa ameruka majivu akakanyaga moto, na kote alikogeuka palikuwa na mtu mwenye haki. Kikohozi kikarudi na jamaa zake wote. Alikohoa akiwa ameshika ukuta, akakohoa akiwa amejiinamia juu ya ndoo, na alipomaliza aliketi juu ya tairi bovu akiitazama mikono yake, hana hata nguvu ya kukasirika.

Ukuta wa gereji ulikuwa wa bati, na bati halitunzi siri. Mama mkwe alikisikia kikohozi kile kila feni iliponyamaza, akaelewa. Mchana mmoja akajifunga vizuri, akambeba mjukuu mgongoni, akazunguka hadi lango la mbele. Mafundi wakainuka wote.

"Shikamoo, mama," tajiri akasema.

"Marahaba, mwanangu. Sikuja kugomba." Akageuka kwa Taratibu, na kwa mara ya kwanza akamtazama usoni. "Baba, washa mashine yako. Usijiue kwa ajili yangu, nitakuja kumwambia nini mwanangu?" Kisha akamrudia tajiri. "Nami naondoka na binti yangu na mtoto, twende kwangu mpaka mtakapopata pa kuutupia uchafu wenu. Mtu akifagia chumba chake, takataka hamsukumii jirani chini ya mlango."

Tajiri alikuna kidevu. Alisema ndiyo, mama, kweli, mama. Wakaondoka jioni ile na mabegi yao, na Taratibu akabaki na vyumba viwili na sufuria moja.

Kesho ya tajiri ilichukua muda wake. Mvua zilipita, bomba la kuupandisha moshi juu ya paa halijaja. Taratibu alikula mkate mkavu, akazungumza na mkewe kwa simu, akamsikia mtoto akijifunza kucheka kwa watu wengine. Hatimaye fundi wa feni akarudi na sanduku la bati. Ndani, hewa ilipita kwanza kwenye sifongo lililoshika chembe kubwa, kisha kwenye kitambaa kizito kilichokunjwakunjwa kushika vumbi laini, kisha kwenye makaa yaliyokunywa harufu. Iliyosalia ilipanda bombani na kutokea juu ya paa, mbali na dirisha la mtu.

Kulisafisha kukawa kazi ya Taratibu. Mara ya kwanza alikitoa kitambaa, akakipiga ukutani kama anakung'uta mkeka.

"Wee!" fundi wa feni akapiga kelele. "Unaliachia tena vumbi lililonaswa! Kitie mfukoni, funga, weka kipya."

Familia iliporudi, wakaenda wote zahanati wakatolewa damu ipimwe. Mtoto mzima, mkewe mzima. Muuguzi aliposoma majibu ya Taratibu, alivua miwani kwanza.

"Una risasi nyingi mwilini, kaka. Itapungua, lakini polepole, na ukikaa mbali na moto. Usilehemu tena."

"Mimi sijui kingine, dada."

"Utajifunza."

Tajiri akampa kiti cha mbele, auze mipira ya maji na vifuniko vya rejeta. Meza yake akapewa Spana, ambaye siku ya kwanza alimwita mara nyingi aje kutazama mshono, naye akatazama kutoka mlangoni, mikono nyuma. Kazi ya kiti haikumtoa jasho, lakini ilimchosha kwa namna nyingine, uchovu wa mtu anayesubiri siku iishe.

Jioni alivuka kichochoro. Dirisha la nyuma lilikuwa wazi, nguo za mtoto zinakauka. Mkewe akatoa kichwa mlangoni.

"Nikuwekee chakula?"

"Ngoja nikae kidogo," akasema, akaketi kizingitini, akavua viatu.