Mama Majani na Sukari ya Daktari

Mama Majani na Daktari walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Kwa miaka kumi na mmoja mama huyu alitunza nyanya pori katika nyumba ya vioo nyuma ya maabara: mimea myembamba, yenye vijitunda visivyolika na majani yanayonata kama vidole vya mtoto aliyekula peremende. Kunata huko ndiko kulikompa kazi. Kila kinywele cha jani kina tone la sukari, na inzi weupe, wale wadudu wanaoharibu nyanya za shambani, wakiigusa wananasa na kufa. Aliyakata majani kwa mkasi, akayachovya kwenye spiriti sekunde kumi bila kuyaponda, kisha akaikausha ile spiriti hadi ukabaki utomvu wa ile sukari. Gunia zima la majani lilitoa kijiko kimoja.

Daktari, mkemia wa chumba cha pili, aliuona huo ni upuuzi mtupu. Alitaka kuitengeneza sukari hiyo mwenyewe ndani ya chupa, akianzia na sukari ya dukani. Alimwambia mbele ya watu, "Siku sukari yangu ikikubali, kile kibanda chako tunavunja. Tutaegesha magari."

"Mwaka wa nne huu unakoroga, Daktari. Hata uji ungekuwa umeiva."

Watu walicheka, naye hakumsamehe. Akaacha kumsalimia, na Mama Majani akashukuru, maana salamu zenyewe zilikuwa za kijicho. Lakini nyumbani alimwambia mumewe waziwazi kwamba anamchukia yule mtu, na kwamba kibanda kikivunjwa, kwa miaka yake hamsini na miwili hakuna atakayemwajiri tena.

"Basi muombee mabaya," mume akasema.

"Nimeshaanza."

Siku ya jaribio ikafika. Majani kumi ya nyanya za kawaida yalipakwa sukari ya porini, kumi mengine ya Daktari, na kila jani likawekewa inzi ishirini. Kesho yake asubuhi hesabu ilikuwa ya Mama Majani, kwa kuwa hakuna mwingine pale aliyeweza kutofautisha inzi aliyekufa na aliyenasa tu. Angetaja idadi yoyote, nani angembishia? Aliinama kwenye lenzi saa tatu nzima, akimgusa kila mmoja kwa ncha ya brashi. Wa sukari yake waliokufa ni mia moja themanini na wanne. Wa Daktari, mia moja tisini na mmoja. Akarudia kuhesabu, akitamani hata wawili watatu watikise mguu. Hakuna aliyetikisa.

Daktari alikuwa amesimama mlangoni, karatasi mkononi. "Haya, niambie. Wangu wamekufa wangapi? Kumi? Kumi na watano?"

Mama Majani akamnyang'anya ile karatasi. Ilikuwa barua ya kwenda kwa mkurugenzi, imeshachapwa: mtunza mimea amedanganya hesabu ili kulinda kazi yake, afukuzwe. Ilikuwa imeachwa nafasi moja tu, ya kujaza idadi atakayoitaja.

Miaka yote hiyo chini ya paa moja, na mtu huyu alimdhania hivyo. Akachukua kalamu, akajaza 191, akatia sahihi chini.

"Mpelekee," akasema. "Halafu njoo na watu wako mvunje."