Mguu Usiosikia Moto

Sindano ya mgongoni niliitaka mwenyewe. Uzazi wa kwanza ulinitesa vibaya, nikaapa kwamba wa pili hautakuwa wa mayowe. Mama yangu alinuna. Kwake yeye, mwanamke anayeukimbia uchungu anaikimbia thawabu yake. Nikamwambia thawabu za yule wa kwanza zinatutosha sote.

Sindano ilifanya kazi. Nilizaa huku nikipiga soga na muuguzi kuhusu bei ya nyama ya ngamia. Tulipotoka hospitalini mguu wa kulia ulikuwa umeamka, lakini wa kushoto bado ulikuwa na ganzi kuanzia gotini kwenda chini. Muuguzi akasema dawa haijaisha mwilini, itaisha. Nikamwamini, kwa nini nisimwamini?

Kwetu Isiolo mzazi hatoki nje mpaka arobaini yake iishe. Analala, analetewa supu, hata chooni anapelekwa kwa kushikwa mkono. Ni mila nzuri, ila mimi ilinificha. Hakuna aliyeniona nikitembea peke yangu, kwa hiyo hakuna aliyeona vidole vya mguu vikiburuta sakafuni. Mimi niliviona, nikasema ni uchovu.

Mama ndiye aliyenikanda. Kila asubuhi alikuja na sufuria ya maji moto, taulo, na ile mikono yake isiyojua huruma: tumbo, kiuno, kisha miguu. Akikanda tumbo nilipiga kelele mpaka majirani wakacheka. Akifika mguu wa kushoto, nilinyamaza.

"Ona sasa, hooyo," akasema, akiniita kwa neno lile lile ninalomwita yeye. "Umekuwa mama kamili. Niongeze moto?"

"Ongeza," nikamwambia. Tangu ile sindano hakuwa amenisifu hata mara moja, na sifa zake nilizitamani.

Asubuhi moja aliinua taulo akakuta mguu umejaa malengelenge, na mahali pengine ngozi imebabuka kabisa. Akanitazama usoni. Nilikuwa nanyonyesha, nimetulia.

"Hii yote huskii?"

"Sisikii kitu."

Akakaa chini sakafuni, akalia kwa sauti huku akijipiga mapaja.

Daktari wa mishipa ya fahamu alinidunga unyayo kwa pini, akauliza kwa nini hatukuja mapema. Mshipa umeumia, akasema. Hutokea kwa nadra sana. Huenda hisia ikarudi, huenda isirudi. Nilikasirika. Jambo likishakupata wewe, hiyo nadra inakusaidia nini? Nilimchukia yeye, nikamchukia muuguzi, nikaichukia sindano. Mama sikuweza kumchukia, maana alikuwa anajichukia vya kutosha.

Kidonda kilipona. Ganzi haikuondoka. Kila nikitawadha nilijifinya mguuni, nikangoja, kisha nikaswali nikiwa nimekaa kwenye kiti.

Juzi tulikuwa barazani, mimi nikichagua mchele kwenye sinia, mama mkabala nami akishona. Ghafla akaacha sindano na uzi, akajishika mdomo.

"Angalia mtoto!"

Nikageuka huku na huku nikimtafuta. Nilidhani ametambaa mpaka barabarani.

"Si huko! Hapo chini yako!"

Nikaondoa sinia. Mwanangu alikuwa amesimama kwa mara ya kwanza maishani mwake, ameukumbatia mguu wangu wa kushoto kwa mikono yote miwili, ameubana kwa nguvu zake zote, ananichekea. Sijui alikuwa amesimama hapo kwa muda gani.