Shairi la Bavyaa

Iko siku moja, mwanangu, haijanitoka kichwani mpaka leo, na kila nikiikumbuka huchanganyikiwa upya. Ni siku niliyoimba shairi jikoni huku nafunga vyombo vya kuhama. Nakusimulia wewe, Swaleh, kwa sababu jana ulinijia hapa Jomvu Kuu na karatasi yako ya chuo, ukanisomea uliyoyaandika, na leo nimeamka na dukuduku.

Mwalimu wenu amewaambia kila mmoja alete shairi la kwao, aeleze baba na mwana wamechorwa vipi ndani yake. Wewe ukachagua lile la bavyaa, yaani baba mkwe wangu, babu wa babako. Ukaandika kwamba ni baba mkali, moyo mgumu, hampendi mwanawe. Halafu ukaniuliza, "Bibi, si ndivyo?" Mimi mwenye maneno mengi nikajitia kuosha vikombe. Nikikwambia ndivyo, nitamsingizia marehemu. Nikikwambia sivyo, maneno yake haya hapa, na umeyanakili sawasawa:

Nimekulea mwanangu, ukiwa huna kauli,
Leo u mwamba wa kwangu, salamu huikubali,
Wanipita mbele yangu, kana kwamba u wa mbali,
Toka mlangoni pangu, mwana usiyenijali.

Nani atakayeyasoma haya aseme ni mapenzi? Hata mimi nilipoyasikia mara ya kwanza nilitaka kujificha chini ya kitanda. Lakini ngoja nikueleze yalivyokuja, kisha uamue mwenyewe, maana mimi nimeshindwa kuamua miaka yote hii.

Nilikuwa mwari niliyetoka kwetu Mtongwe, sijazoea hata milango ya nyumba hii. Muda mfupi baada ya harusi yangu, mavyaa wangu, mkewe bavyaa, akafariki alfajiri. Mume wangu Athmani, ambaye ndiye babu yako, alikuwa ametumwa Voi kikazi kwa siku chache. Hakukuwa na simu za mfukoni. Habari alipelekewa na dereva wa lori. Bavyaa alikuwa mwalimu wa madrasa, na kwake yeye maiti hacheleweshwi. Watu walimwambia, mwalimu, mngoje kijana japo mpaka kesho. Akakataa. Mavyaa akazikwa siku ile ile, na Athmani alipofika akaonyeshwa kaburi.

Athmani hakugomba. Wallahi lau angegomba, yangeisha. Alimwuliza babake neno moja tu, "Hukuweza kuningoja?" Bavyaa akajibu, "Sikuweza." Basi. Toka hapo hawakusemezana tena, na wote wawili wakaendelea kulala nyumba moja na kula chungu kimoja. Nani alikuwa na haki? Usiniulize. Nikimtazama bavyaa namwona amefuata dini yake. Nikimtazama mume wangu namwona mtoto aliyenyimwa kumwona mamake mara ya mwisho. Nilikuwa nikiwapakulia chakula huku sijui nimhurumie nani.

Na walivyokuwa na vituko! Kazi ya kupeleka maneno ikaniangukia mimi. Wako baraza moja, wamepeana migongo, bavyaa aniita, "Fatuma!" Naitika abee. "Mwambie mumeo paa la choo lavuja." Namgeukia mume wangu, naye amesikia kila kitu, lakini angoja nimwambie. Namwambia. Ajibu, "Mwambie nitalitazama." Namgeukia mzee. Na mzee naye angoja! Kuna siku nilichoka nikawaambia nyote mumesikia, mimi nina mchuzi motoni. Wakanyamaza kama wamevunjiwa heshima, na paa likavuja wiki nzima.

Macho ya bavyaa yalikuwa yameanza kufifia wakati huo. Alikuwa mtunzi, lakini hakuwa akiandika tena, alitunga kichwani. Siku moja mchana nachagua mchele, akaniita nikae karibu. Akasema ana shairi la mume wangu, na kwa kuwa yeye hawezi kumwambia, mimi nilishike nimpelekee. Akaliimba ubeti kwa ubeti, mimi nafuata nyuma, mpaka nikalishika lote. Na hapo ndipo nilipoanza kuvurugikiwa. Maneno yalikuwa ya kumfukuza mtu nyumbani. Lakini mahadhi yake, mwanangu, yalikuwa mepesi, ya polepole, yapanda kidogo yashuka, mpaka mimi mwenyewe nikapiga miayo. Nikajiuliza huyu mzee amekosea mahadhi, au ni uzee? Sikuthubutu kumuuliza. Yeye aliniambia neno moja tu: "Limwimbie. Usimsomee."

Athmani aliporudi jioni nikamwambia babako ana shairi lako, kaa nikuimbie. Akanitazama kwa hasira. Akasema hana haja ya kuimbiwa, yeye si bwana harusi. "Nipe maneno yake tu." Nikasita. Akarudia. Basi nikampa maneno, makavu, moja baada ya jingine, pamoja na lile "Toka mlangoni pangu". Alisikiza mpaka mwisho. Kisha akasema, taratibu, tena bila kupandisha sauti, "Amenifukuza. Kesho twahamia kwenu Mtongwe."

Nililia sana. Si kwamba sikupenda kurudi kwetu. Mwari gani hapendi? Nililia kwa sababu ya bavyaa. Mke hana, macho yaenda, na mwana aliyebaki ni huyo mmoja. Tukitoka sisi, nani atamwekea maji ya kutawadha? Nani atamwambia kama mlango umefungwa? Na bado, mwanangu, nilikuwa namkasirikia pia. Nilisema moyoni, si umemfukuza mwenyewe? Sasa mbona nakulilia?

Asubuhi nikaenda kumuaga. Nikamwambia, bavyaa, twaondoka, shairi limefika. Kisha akaniuliza, "Ulimwimbia?"

Nikamwambia hakutaka, nilimpa maneno.

Alinigeuzia yale macho yake yasiyoona vizuri, akasema, "Fatuma, umempakulia miba. Nyama umeiacha hapa kwangu."

Nilitoka pale nimekasirika na nimefedheheka. Nyama gani? Shairi lasema toka, mtu akitoka walaumiwa wewe! Nikaingia jikoni nikaanza kufunga vyombo, huku nayarudia yale maneno kichwani nione ni wapi nilipopunguza. Sikupunguza hata neno. Nikayarudia tena, na safari hii, kwa kuwa nilikuwa peke yangu na mikono ina kazi, yakanitoka na mahadhi yake. Sikuwa namwimbia mtu. Nilikuwa nazungushia sufuria magazeti.

Nikafika ule ubeti wa mwisho, ambao wewe kwenye karatasi yako umeuruka, sijui kwa nini:

Mamayo ni mke wangu, nami nilipenda kweli,
Nalilia ndani mwangu, hukunijulia hali.

Nikahisi mtu nyuma yangu. Kugeuka, ni Athmani, amesimama mlangoni na kamba ya kufungia godoro mkononi. Uso umembadilika. Akaniuliza, "Nani kakufunza hayo mahadhi?"

Nikamwambia, babako.

Akaketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, mtu mzima yule, magoti yamemfika kifuani. Kisha akaniambia kwamba ndiyo mahadhi ambayo mamake alikuwa akimwimbia kumlaza. Si ya mtaa, si ya harusi, ni yake mwenyewe mamake, aliyazua hapo hapo jikoni, na nje ya nyumba hii hakuna aliyekuwa akiyajua. Yeye alidhani yamezikwa naye.

Unaona sasa? Mzee alichukua lawama zake zote, hata ile ya kumwambia mtu toka, akazitia ndani ya sauti ya marehemu. Alitaka nini? Alikuwa akimkemea mwanawe kwa sauti ya mamake, au akimbembeleza? Mimi nilisimama na sufuria langu, nisijue nifungue vyombo au niendelee kufunga.

Athmani akainuka akaenda barazani. Nami nikamfuata, nikasimama nyuma ya pazia, sikatai. Akasema, "Shikamoo, baba." Bavyaa alichelewa kuitikia, nikadhani hataitikia kabisa. Kisha akasema marahaba. Athmani akamwuliza, "Wanifukuza au wanibembeleza?"

Bavyaa akasema, "Hata mimi sijui, Athmani. Yalinijia pamoja."

Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akilitaja jina lake tangu maziko. Athmani akauliza, "Niketi au niende?"

"Keti kwanza."

Akaketi. Na usidhani walikumbatiana kama kwenye zile filamu zenu. Walikaa kimya mpaka adhana ya adhuhuri, kisha wakaenda msikitini, Athmani amemshika mkono. Hatukuhama. Lakini ugomvi haukwisha siku ile, wala mwaka ule. Hata walipoanza kusemezana, lile la kaburi walilirudia mara nyingi, mmoja asema ungeningoja, mwengine asema nisingeweza, wala hakuna aliyeshinda. Bavyaa alifia mikononi mwa Athmani, na bado walikuwa hawajakubaliana. Na Athmani alipokuwa akiwalaza watoto wake, babako akiwa mmoja wao, aliwaimbia yale yale mahadhi, bila maneno.

Kwa hiyo nikuambie nini, Swaleh? Karatasi yako umeandika "hampendi". Ifute. Lakini usiandike "ampenda sana" ukamaliza, maana utakuwa umeongopa upande wa pili. Yule mzee alikuwa na uchungu wa kweli na mwanawe, na alikuwa hawezi kuishi bila yeye, yote mawili kwa pamoja. Andika hivyo. Mwalimu wako akikunyima alama, mlete kwangu nimwimbie.

Na sasa tuje kwako, maana usidhani nimesahau. Wewe na babako Salim hamsemezani. Umeondoka nyumbani kwenu Changamwe umejikita Timbwani kwa mjomba wako, na kila nikikuuliza wanipa kisogo. Juzi babako amekutumia ujumbe wa sauti kwenye simu. Hukuusikiza. Umempa dadako Zuhura ausikize akwambie, naye kakwambia, "Baba asema usirudi mpaka uombe radhi." Umekasirika, waapa hutakanyaga kwenu tena.

Mimi nilipokusikia nilishtuka, nikajiona mimi yule wa zamani na maneno yangu makavu. Zuhura hana kosa, amekupa maneno. Lakini je, alikwambia babako alisitasita wapi? Alikuita Swaleh, au alikuita lile jina la utotoni? Alimaliza kusema, au alinyamaza kisha akakata?

Nasaha yangu ni hii, mwanangu. Neno la mzazi wako usilipokee kwa mkono wa mtu mwengine. Lisikize mwenyewe, kwa sauti yake, mpaka mwisho, kisha ukasirike ukitaka. Sikuahidi utakuta utamu humo. Yawezekana Salim ana hasira tupu. Namjua, nimemzaa mimi. Yawezekana utamsikiza na ubaki huelewi, kama mimi nisivyoelewa mpaka leo. Si neno. Mtu aweza kukaa na mzazi wake bila kumwelewa, mradi wakae.

Mwenyezi Mungu akulainishie moyo, akuweke na babako muda mrefu wa kugombana na kupatana, na siku ya kuzikana, atakayebaki asiwe na neno la kuuliza kaburi. Amin.

Haya, itoe hiyo simu uiweke sikioni. Mimi niko jikoni nakuna nazi.