Salamu Nilizozitunga Nyuma ya Chokaa

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na bendera ya Mwingereza ilikuwa bado inapepea bomani Tabora, dada yangu alipopatwa na ndui. Walimpeleka kwenye kambi ya wagonjwa nje ya mji. Bwana afya akachora mstari wa chokaa mbele ya nyumba yetu katika mtaa wa Ng'ambo, akatuambia baba, mama na mimi tusiuvuke mpaka atakaporudi mwenyewe.

Kilichotuokoa na wazimu ni redio. Baba alikuwa karani wa reli, na redio ilikuwa jeuri yake. Kabla ya ndui majirani walijaa barazani kwetu kila jioni. Sasa aliiweka dirishani, nasi tukaketi ndani kimya: kwanza habari, kisha bei za mazao ambayo hatukuwa nayo, mwisho salamu. Wakati wa habari hata kukohoa kulikuwa kosa. Betri yake ilipatikana duka la Mhindi kule Gongoni, tusikoweza kwenda, kwa hiyo sheria ilikuwa moja: redio hufunguliwa jioni tu.

Majirani wengi walianza kupita njia nyingine. Aliyebaki ni bibi mmoja mjane wa nyumba ya pili. Kila jioni tuliweka bakuli letu juu ya mstari tukarudi nyuma, naye akaja kudondosha ugali kwa mwiko na kumimina majani ya kunde yaliyoungwa karanga, bila chungu chake kugusa bakuli. Kisha alikaa kwenye kigoda upande wake, akasikiliza redio yetu. Habari hazikumhusu. Alingoja salamu. Mwanawe alikwenda kukata mkonge Tanga, na misimu mitatu ya mahindi ilikuwa imepita bila neno. Sasa mtu aliyerudi kutoka huko alimwambia kijana amepeleka salamu redioni, zitasomwa Jumamosi ile.

Nami nilijua. Hilo ndilo linaloniwasha uso mpaka leo. Nilijua, lakini nilikuwa nimechoka kufungiwa, na kila alasiri, mama akiwa uani na baba akikoroma, nilijifunika kanga pamoja na redio nikasikiliza muziki wa dansi. Nilijiambia kwamba sauti ndogo hula betri kidogo. Ulikuwa ujinga wa makusudi.

Jumamosi bibi alikuja na kanga zake za sikukuu. Salamu zilipoanza tu, sauti ikaanza kufifia. Baba akanisukuma mbele, maana masikio yangu yalisifiwa, nikabandika sikio kwenye kitambaa cha spika. Nikasikia majina mawili matatu, la mwanawe halimo. Kisha kimya. Baba aliigonga redio ubavuni, akanigeukia.

"Nani ameigusa hii?"

"Nimemsikia, baba," nikasema. "Wamemtaja."

Bibi akasimama pale kwenye chokaa. "Amesemaje, mjukuu wangu?"

"Hajambo, bibi. Anakusalimu. Anasema mwezi ukiandama atakuja na treni."

"Ile ya Jumanne?"

"Ndiyo, ya Jumanne."

Aliketi mavumbini na kanga zake zile, akajifuta uso kwa ncha ya moja. Baba hakuuliza tena habari ya betri. Jioni ya pili yake bakuli letu lilikuwa na kuku. Mama alinipa paja, kwa kuwa mimi ndiye niliyesikia, nami nikalila. Lilikuwa tamu, na hata hilo naliona haya.

Bwana afya akaja kutufungulia. Dada alirudi, uso umejaa makovu lakini mzima. Mwezi ukaandama, na Jumanne bibi akapiga hodi kwetu.

"Niazime mjukuu wangu," alimwambia mama. "Twende naye stesheni."

Njiani alinishika mkono, na kila tuliyesalimiana naye alimwambia, "Huyu ndiye aliyemsikia, kwa masikio yake." Treni ikaingia. Watu wakashuka na masanduku yao, wakapokewa, wakapungua, mpaka mabehewa yakabaki wazi na wafagiaji wakapanda. Bibi hakuuachia mkono wangu.

"Bibi," nilianza.

"Usijali," akasema. "Labda alisema Jumanne nyingine."

Pale ndipo ningeweza kusema kweli. "Labda," nikajibu.

Aliendelea kwenda, Jumanne baada ya Jumanne. Baba alihamishwa kituo kabla sijajua mwisho wake, nami sikuwahi kumwambia.

Siku ile ya kwanza, tulipogeuka kurudi, alifungua pindo la kanga yake. Mlikuwa na karanga za kukaanga alizomfungia mwanawe, akijua atashuka na njaa. Alinimiminia zote kiganjani.

"Kula wewe," akasema. "Umesimama sana juani kwa ajili yangu."

Nilizila njia nzima mpaka Ng'ambo.